Mwenyewe Hafuatwi

Fungeni Biblia zenu kidogo, hazitakimbia. Somo tumelisikia, na kwaya imeimba mpaka kipaza sauti kimeomba poo. Kina mama wengi mmechelewa leo, na ndoo zenu mmeziacha pale nje kando ya ukuta. Nimepita nikazichungulia, zote tupu. Nitarudi kwenye ndoo hizo. Kwanza nataka kuwapa habari ya mama mmoja aliyefunga kamera kwenye mti.

Kulikuwa na mama mmoja, mjane, aliyekaa mwisho wa kijiji, pale mashamba yanapoishia na msitu unapoanza. Marehemu mume wake alimwachia nyumba ya matofali, mparachichi uani, na zizi la mbuzi. Mbuzi wenyewe walikuwa wa kutazamwa, wale ambao ukipita unasema kimoyomoyo, laiti wangekuwa wangu. Sabuni, dawa, sadaka ya Jumapili, vyote vilitoka zizini. Mama yule hakuwa na neno na mtu. Alitaka kuishi pale na kufia pale, azikwe ubavuni mwa mumewe, basi.

Sasa, katika kijiji kile chui hakuitwa chui. Mambo haya mnayajua, msinitolee macho. Hata hapa kwetu kuna nyumba ambazo nyoka akiingia baada ya jua kuzama anaitwa kamba. Kule wao chui walimwita Mwenyewe. Walisema ukimtaja jina amekusikia, na akikusikia anakuja. Kwa hiyo mtu akiona nyayo njiani hakusema chui kapita hapa. Alisema kwa sauti ya chini, "Mwenyewe amepita," akaenda jikoni kuchota majivu, akayamwaga njiani, akainamisha macho, akarudi ndani. Kuzifuata zile nyayo, hakuna aliyethubutu. Walikuwa na msemo wao, mkubwa na mdogo wanaujua: Mwenyewe hafuatwi.

Msikie vizuri msemo huo. Mwenyewe hafuatwi. Ukitaka kuiba mahali kwa raha zako, ndugu yangu, wakute watu wenye msemo kama huo.

Jumapili moja mama alitoka ibadani akakuta mbuzi mmoja hayupo. Aliita, kimya. Hajamaliza kuita, shemeji yake huyo, mdogo wa marehemu, mtu mzito pale kijijini, mwenye kauli ya mwisho katika ukoo. Alikuja na kopo la majivu tayari mkononi.

"Pole, shemeji," akasema. "Mwenyewe amepita."

"Mbona sioni damu, shemeji?"

"Mwenyewe haulizwi namna anavyokula. Inamisha macho."

Mama akainamisha macho, shemeji akamwaga majivu, wakaachana hapo. Baada ya majuma machache akaenda mbuzi mwingine, tena siku ya Bwana, watu wote wakiwa kanisani. Kisha mwingine. Safari hiyo mama alikuta jambo lililomsumbua mpaka chakula kikamshinda. Mbuzi hayupo, lakini mlango wa zizi umefungwa na komeo limerudishwa mahali pake.

Akaenda kwa jirani yake, mama mwenzake wa rika lake. Akamwuliza, "Jirani, ni chui gani huyu anayekula mbuzi kisha anarudisha komeo?"

Jirani akamziba mdomo kwa kiganja. "Usimtaje. Wewe unadhani kwa nini anaitwa Mwenyewe? Mwenye nyumba akitoka si hufunga mlango?"

Mnacheka. Chekeni, lakini yule jirani hakuwa mjinga. Alikuwa na jibu, tena jibu lililokaa vizuri. Mtu akishakubali kuogopa, hata komeo linamshuhudia kwamba anafanya vyema kuogopa. Angekuta mlango wazi angesema Mwenyewe kauvunja. Kaukuta umefungwa, kasema Mwenyewe kaufunga. Ukweli utaingilia wapi hapo?

Haikupita muda shemeji akaja tena, safari hii bila majivu. Alikuja na kilo ya sukari, na mnajua mtu akikuletea sukari bila msiba wala mgonjwa, kaa chonjo.

"Shemeji," akasema, "mimi sikufukuzi. Anayekufukuza ni Mwenyewe. Anataka mahali pake. Hama kabla hajaanza kutaka na watu."

"Nihamie wapi?"

"Kwangu. Nyuma ya nyumba kuna stoo, tutatoa magunia, utakaa. Wewe ni wetu."

"Na hapa atakaa nani?"

"Hapa nitapaangalia mimi. Mimi na yeye tunajuana."

Wapendwa, mama yule alimpikia chai kwa sukari ile ile, akamsindikiza mpaka njiani, akarudi, akakaa chini ya mparachichi wake akalia. Na msifikiri alilia kwa ajili ya mbuzi. Alilia kwa sababu alianza kuyapima magunia yale kichwani, kuangalia kama kitanda chake kitaenea. Hapo ndipo uonevu unapokuwa umeshinda. Hujahama bado, lakini umeshaanza kupima stoo.

Lakini Mungu naye ana njia zake. Msituni kule walikuwa wamepiga kambi watu wa kuchunguza wanyama. Mama alikuwa akiwauzia maziwa ya mbuzi. Nao walikuwa na kamera zao za kufunga kwenye miti, kijisanduku cha rangi ya majani makavu, hakuna mtu anayekishika. Mnyama akipita mbele yake, yenyewe inapiga picha, iwe mchana, iwe giza. Walipovunja kambi wakamwachia mama moja ambayo mkanda wake ulikuwa umekatika. Wakasema, huyu katulisha, naye aone wageni wake. Mama akachana ukingo wa kanga kuukuu, akaifunga kamera kwenye mparachichi, jicho likitazama zizi.

Habari zikaenea, maana kijijini hata sufuria mpya inatangazwa. Shemeji akafika kuangalia.

"Hiki ni nini, shemeji?"

"Kamera ya wanyama."

"Inapiga wanyama tu?"

"Walionipa wanaiita kamera ya wanyama," mama akasema. Na hakudanganya, ndivyo walivyoiita.

Shemeji akaizunguka, akainama, akaitazama jichoni. Kisha akaipigapiga juu kama mtu anavyompigapiga ng'ombe mgongoni, akacheka. "Haya. Itakupigia nguruwe."

Ngojeni hapo kidogo. Mtu huyu maisha yake yote alikula kwa kuwafanya watu waamini jina. Alisema Mwenyewe, wakaamini. Na siku hiyo yeye naye akaambiwa jina, kamera ya wanyama, akaliamini. Akaona kwa kuwa ni ya wanyama, mtu akipita itamtazama tu na kumwacha. Mchimba kisima huingia mwenyewe, wahenga hawakukosea.

Jumapili iliyofuata mama akaenda ibadani kama kawaida, akaimba kama kawaida. Aliporudi, mbuzi mwingine hakuwapo. Komeo lilikuwa mahali pake. Hakuita mtu, hakutafuta majivu. Alifungua ile kamera, akatoa kadi ndogo iliyomo ndani, akaifunga kwenye pindo la kanga, na kesho yake akaenda mjini kwa fundi picha.

Fundi akazifungua picha kwenye mashine yake wakaanza kuzitazama pamoja. Kamera haijui adabu, ilikuwa imepiga kila kitu. Kulikuwa na nungunungu amesimamisha miiba. Kulikuwa na nyani ameketi na parachichi mkononi, anakula taratibu kama baba mkwe arusini. Kulikuwa na jirani, yule yule wa kuziba watu midomo, ameinama anachuma majani ya maboga ya mama na shingo ameigeuza kutazama njiani.

Mama akacheka, akamwambia fundi, "Hiyo usinisafishie. Mboga ya jirani si wizi, ni uvivu wa kuomba."

Ikaja picha ya alfajiri, chui anapita kando ya zizi. Chui kweli, mwenye madoa yake. Mdomoni amening'iniza ndezi, panya yule mkubwa wa majanini. Amempata huko anakokujua, anakwenda zake, na mbuzi wala hakuwageuzia shingo. Mama akasema, "Hiyo nisafishie, iwe kubwa." Na baada ya hiyo ikaja nyingine, ambayo aliisogelea mpaka pua ikakaribia kioo, akasema, "Na hiyo. Kubwa kuliko ya chui."

Mmeshajua ilikuwa picha ya nani. Mmejua upesi kwa sababu kijiji si chenu.

Shemeji hakujua. Yeye alikuwa ameitisha mkutano wa watu wote mbele ya ghala la ushirika, kusudi shauri la mama liishe. Akasimama akasema kwa sauti ya huruma kwamba ukoo umevumilia, kwamba Mwenyewe ameonyesha mapenzi yake, kwamba si vizuri mwanamke mmoja aletee kijiji kizima hasira ya Mwenyewe kwa ukaidi na kwa vijisanduku vya kufunga kwenye miti. Watu wakaitika kwa vichwa. Kila aliyeitika kwa kichwa alikuwa amewahi kula sikukuu kwenye nyumba ya mama yule.

Mama akasimama na bahasha yake. Akatoa picha ya kwanza akaiinua juu. Watu wote macho chini, maana Mwenyewe hatazamwi.

"Tazameni," mama akasema. "Huyu ni chui. Nimesema chui. Chui huyu alipita kwangu na ndezi wake mdomoni, mbuzi wangu hakuwagusa. Mmemsingizia mnyama wa watu."

Neno chui lilikuwa halijasemwa hadharani pale tangu wazee wa kijiji walipokuwa watoto. Walingoja ardhi ipasuke. Haikupasuka, na jogoo mmoja nyuma ya ghala akaendelea kuchakura.

Akatoa picha ya pili, hiyo akampa aliyekaa karibu, ikaanza kwenda mkono kwa mkono. Ni mchana, jua linawaka. Mtu mzima na koti lake la kwenda kanisani, mbuzi mabegani, miguu ya mbuzi ameikamata kifuani kwa mkono mmoja. Na mkono wa pili, ndugu zangu, unarudisha komeo. Anarudisha taratibu, kwa uangalifu, mtu aliyelelewa vizuri na mama yake asiyeacha milango wazi.

Ikafika kwa mzee mmoja. Akaisogeza mbali na macho, akaisogeza karibu, na neno likamtoka bila kulipanga. "Ee. Ni yeye mwenyewe."

Mmelisikia neno hilo? Mzee hakukusudia. Ndivyo tunavyosema siku zote, ni yeye mwenyewe. Lakini mkutano mzima ulilisikia, na shemeji akalisikia. Mngetegemea akimbie, au aanguke kwenye magoti. Hakuanguka. Alisimama, akafunga kifungo cha koti, lile lile la kwenye picha.

"Ndiyo, ni mimi mwenyewe," akasema. "Ardhi ya kaka yangu, zizi la kaka yangu, mbuzi wa kaka yangu. Mwenyewe ni nani kama si mimi?"

Na sasa sikilizeni, maana hapa ndipo moyo wangu unapochemka kila nikiufikiria mkutano ule. Picha wanayo mkononi. Mwizi amekiri kwa kinywa chake. Mnadhani watu walifanya nini?

Waliinamisha macho. Wote, kama walivyofundishwa. Na kutoka nyuma, mtu mmoja, simjui ni nani na sitaki kumjua, akasema kwa sauti ya chini, "Mwenyewe hafuatwi."

Kwa hiyo msiniambie kwamba watu wakijua ukweli watakuwa huru siku hiyo hiyo. Wale waliujua, waliushika kwa vidole, wakaupitisha kwa jirani kama sahani ya sadaka. Ukweli bila mtu wa kusimama nao ni karatasi tu.

Mama akachukua picha yake, akaifuta vumbi kwa pindo la kanga. Akamgeukia shemeji. Hakupiga kelele.

"Shemeji, siku ile uliniuliza kama kamera hii inapiga wanyama tu, au na watu. Sikujua. Mpaka leo sijajua."

Kisha akamtaja jina. Jina la ubatizo, jina la baba yake na la babu yake, mbele ya kijiji. "Nimemtaja," akasema. "Mlinifundisha ukimtaja amekusikia. Na anisikie. Mlinifundisha hafuatwi. Mimi namfuata, naanza sasa hivi, naenda nyumbani kwake kuchukua mbuzi wangu. Kwangu sihami. Stoo yake aweke magunia."

Akaondoka. Alitembea peke yake katikati ya barabara, na mkutano ukamwangalia mgongo. Akapita dukani, akapita mashine ya kusaga, bado yuko peke yake. Kisha yule jirani, yule wa majani ya maboga, akainuka, akajikung'uta vumbi, akamfuata. Akafuata mwingine. Shemeji alisimama barabarani akanyoosha mikono kuwazuia, nao wakampita kushoto na kulia kama maji yanavyopita jiwe. Na walipofika nyuma ya migomba ya mtu yule, palikuwa na ua wa makuti uliofunikwa usionwe. Mama hakuugusa. Aliita tu, ule mwito wake wa jioni wa kuwaita mbuzi zizini. Ndani ya ua wakaitika. Wengine walikuwa wameshauzwa na kuliwa, lakini waliobaki waliisikia sauti yake wakausukuma ule ua kwa vichwa mpaka ukalala chini. Mbuzi hawakuwahi kufundishwa ule msemo.

Mfano wangu umekwisha. Sasa tuzungumze sisi.

Sisi tunaokula kinachobaki baada ya Mwenyewe kupita. Nani aliyempa mtu yule cheo? Hakuja nacho. Walimpa wao. Kinachowatafuna wakakiita bwana wa mahali, wakainama kila kinapopita, kisha siku kiliposema ni changu wakashangaa. Sisi je? Kuna dada hapa anapigwa mpaka majirani tunaongeza sauti za redio. Tukiulizwa tunasema, ah, ni mambo ya mwenye nyumba. Mwenye nyumba. Anayebomoa nyumba tumempa jina la mwenye nyumba. Nyinyi wanaume mnaokohoa hapo, kohoeni mmalize, ninaendelea.

Na nimesema nitarudi kwenye ndoo. Chemchemi iliyo chini ya mlima ule, ambayo bibi zetu walichota, ambayo mimi nilibatizwa kwa maji yake, imezungushiwa waya na kupigwa kufuli. Tangu Ijumaa kina mama wanakwenda na kurudi na ndoo tupu. Asubuhi ya leo nimesimama mlangoni nikawauliza mmoja mmoja, nani ameifunga? Mnajua mlinijibu nini? Mkatazama chini, tena wote, mkaniambia, "Mchungaji, kaifunga mwenyewe."

Mwenyewe nani?

Nawauliza, mwenyewe nani? Aliyechimba maji yale yakatoka kwenye mwamba ni mtu wa hapa? Aliyeleta mvua ni mtu wa hapa? Nilikaa hapo madhabahuni wakati kwaya inaimba nikasikia hasira, na sitaki kuiombea iishe. Kuna hasira nyingine ukiiombea iishe umemkosea Mungu.

Nawe uliyepiga kufuli, najua upo humu. Umeketi, umevaa vizuri, umetoa sadaka. Sitakutaja, bado. Nakuachia nafasi ambayo shemeji yule hakuitumia. Tukimaliza wimbo wa mwisho simama ututangulie, ufunguo mkononi, nasi tutakupigia makofi njia nzima na hakuna atakayekukumbusha jambo hili. Usiposimama, nitakutaja kwa majina yako yote pale kwenye waya, kwa sauti hii hii, na utanisikia.

Kwa maana leo hatuendi nyumbani. Baraka nitaitolea kule chini. Kina mama, mkitoka chukueni ndoo zenu pale ukutani. Kina baba, na nyinyi mbebe, mkono wa mwanaume haujawahi kuoza kwa kushika ndoo. Msikimbie, msitukane mtu, tembeeni katikati ya barabara, macho juu. Na njiani mkikutana na mtu akawauliza ni nani amewaruhusu kwenda kuchota, msibabaike, msitafute maneno mengi.

Mwambieni ametutuma Mwenyewe.